Sabuni Saba, Bomba Moja

Mama Pacha alisimama mlangoni kwake. Mikono aliinyoosha pembeni kama shati lililoanikwa.

"Usiwaguse!" Bibi alipiga kelele kutoka ndani.

"Siwagusi, mama. Naomba maji tu."

"Maji, maji! Kila siku maji! Hivi huko kazini kwenu mnafanya usafi gani usio na maji?"

Bibi alikuwa mama mkwe wake. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini swali lake lilikuwa la haki.

Mama Pacha alikuwa mfagiaji wa soko la manispaa. Kila siku aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa nane mchana. Alizoa majani ya kabichi, nyanya zilizooza, magamba ya samaki na utumbo wa kuku. Aliporudi nyumbani, watoto wake pacha walimjua kwa hatua zake tu. Walikuwa na miezi minane. Walianza kulia kabla hajafika mlangoni. Maziwa nayo yalianza kutoka yenyewe, gauni likalowa. Lakini hakuweza kuwabeba. Kwanza Bibi ammiminie maji kwa kopo. Anawe mpaka kwenye viwiko. Avue nguo za kazi. Ndipo anyonyeshe.

Siku hiyo dumu lilikuwa tupu. Mume wake, fundi viatu, alikuwa amekwenda kuchota maji na hajarudi.

"Foleni leo ndefu," alisema Bibi. "Subiri."

Pacha mdogo hakutaka kusubiri. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mama Pacha alivumilia, akavumilia, akashindwa. Alijifuta mikono kwa kitambaa kikavu, akamchukua mtoto, akamnyonyesha.

"Mara moja tu, mama," alisema.

Bibi alinyamaza. Bibi akinyamaza, ujue amekasirika kweli.

Siku ya tatu pacha mdogo aliharisha. Aliharisha asubuhi, mchana na jioni. Macho yakaanza kuzama. Asubuhi iliyofuata Mama Pacha alikuwa zahanati, mtoto amelegea begani kama nguo iliyolowa.

Muuguzi alimpa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji safi. "Mpe kidogo kidogo kwa kijiko," alisema. "Na usiache kumnyonyesha. Akizidi kulegea, au akikataa kunywa, mrudishe hapa haraka." Kisha akauliza, "Unafanya kazi gani, mama?"

"Nafagia soko."

"Na ukitoka kazini, unanawa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani? Unatembea na uchafu wote huo mpaka nyumbani? Kazini hakuna bomba?"

Mama Pacha aliona uso unamwaka. "Bomba lipo, dada. Limefungiwa."

* * *

Ni kweli bomba lilikuwepo. Nyuma ya soko kulikuwa na chumba cha wafagiaji. Ndani yake kulikuwa na bomba moja, sinki la saruji na choo. Miezi minne iliyopita, viti vya plastiki mia moja na ishirini vilishushwa kutoka kwenye gari. Vilikuwa viti vya mikutano vya ofisi ya diwani. Msimamizi wa wafagiaji aliamua viwekwe humo. Vilipangwa mpaka vikagusa dari. Kisha akafunga mlango kwa kufuli.

Msimamizi huyo walimwita Bwana Funguo. Alitembea na funguo nyingi kiunoni. Ulimsikia kabla hujamwona.

"Bwana Funguo," Mama Pacha alimwambia aliporudi kazini, "mwanangu anaumwa. Tufungulie tunawe."

"Viti si vyangu, mama. Muulize meneja wa soko."

Alikwenda kwa meneja. Meneja alikuwa anaongea na simu. Aliziba simu kwa kiganja. "Hivyo viti ni vya diwani. Muulize diwani."

Jioni alimweleza mume wake. Fundi viatu alikuwa ameshika soli kwa meno. Aliitoa mdomoni.

"Sasa si uende kwa diwani? Si ndiye tuliyempigia kura? Nenda nyumbani kwake, mwambie shida yako. Ni mtu mzuri yule."

Mama Pacha akaenda. Diwani alimkaribisha sebuleni mwenyewe. Aliuliza hali ya mtoto. Aliuliza hali ya Bibi. Alitikisa kichwa kwa huruma hata Mama Pacha akataka kulia.

"Umefanya vizuri kuja kwangu, mama yangu," alisema. "Wengine wanalalamika tu barabarani. Wewe umekuja."

Aliingia ndani, akatoka na mche wa sabuni ya bluu. Ulikuwa umefungwa kwa karatasi yenye picha yake, meno yote nje.

"Hii ni yako wewe peke yako. Usiwaambie wenzako, watagombana."

Mama Pacha alishukuru sana. Alitoka akitabasamu. Alipofika getini, tabasamu likaisha. Bomba! Diwani hakusema neno hata moja kuhusu bomba. Alipewa sabuni. Sabuni ya nini bila maji?

* * *

Kesho yake mchana, wafagiaji walikaa kivulini kupumzika. Walikuwa saba. Mkubwa wao kwa umri walimwita Shangazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Mama Pacha alifungua mfuko wake kutafuta kitambaa. Karatasi ya bluu ikachungulia.

Shangazi aliiona. "We! Hiyo umeitoa wapi?"

"Hii? Nimenunua."

"Umenunua na picha ya diwani?"

Shangazi alimtazama, kisha akaingiza mkono ndani ya mkoba wake. Akatoa mche wa bluu. Meno yale yale.

"Nilikwenda miezi mitatu iliyopita," alisema. "Akaniambia ni yangu peke yangu."

"Hata mimi," alisema mzee wa toroli la taka.

"Mimi mwezi uliopita," alisema wa nne.

Walitoa mmoja mmoja, kwa aibu. Wengine walikwenda kuchukua kwenye mikoba yao. Ikawa miche saba chini, picha saba, meno ya diwani yakiwacheka wote.

"Lo!" alisema Shangazi. "Kumbe tumepanga foleni kwa mtu mmoja na hatuonani!"

Walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Wote walikuwa wameomba bomba. Wote walinyamazishwa kwa sabuni. Kila mmoja alijiona mjanja.

* * *

Jirani wa Mama Pacha alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati. Alishona kola tangu asubuhi mpaka jioni, ndiyo maana mtaani walimwita Dada Kola. Jioni hiyo alikuwa anapiga pasi sare yake. Mama Pacha alimsimulia yote, mtoto mgongoni. Pacha mdogo alikuwa na nafuu, lakini bado alikuwa mwepesi kama mto wa pamba.

"Nimechoka, Dada Kola," alisema. "Bwana Funguo ananituma kwa meneja. Meneja ananituma kwa diwani. Diwani ananipa sabuni. Mimi ni mpira?"

"Ngoja kwanza," alisema Dada Kola. "Nyinyi hamna chama cha wafanyakazi?"

"Tunacho. Kadi hii hapa."

"Basi! Kwa nini hamkwenda kwa mwakilishi wenu wa tawi? Ni nani?"

"Bwana Funguo."

Dada Kola aliinua pasi juu. "Nani?"

"Bwana Funguo. Tulimchagua sisi wenyewe."

"Msimamizi wenu? Huyo huyo aliyefunga mlango?"

"Ana sauti. Halafu siku ya uchaguzi yeye ndiye aliyekuwa na kalamu."

Dada Kola aliweka pasi chini ili asijichome. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akashika kiuno.

"Jamani, jamani! Sasa malalamiko yenu kuhusu Bwana Funguo mnampelekea Bwana Funguo, halafu mnashangaa hayafiki popote?"

"Usitucheke bwana. Hatukujua."

"Sicheki tena. Sikiliza. Chama ni cha wafanyakazi. Msimamizi anasema kwa niaba ya mwajiri. Hata kama ni mtu mwema, hawezi kukaa pande mbili za meza. Mwakilishi achaguliwe kutoka kwenu nyinyi mnaoshika fagio. Umewahi kusoma nyuma ya kadi yako?"

Mama Pacha aligeuza kadi. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Wanachama wa tawi wakikubaliana, wanaweza kuomba uchaguzi mpya. Anwani ya ofisi ya chama ilikuwa hapo hapo. Alitembea nayo mwaka mzima mfukoni.

"Na diwani je?" aliuliza. "Si mkubwa wa wote?"

"Diwani si bosi wako, wala si baba yako. Ni mwakilishi wako katika baraza la manispaa. Ukimwendea sebuleni peke yako, anakusaidia kama mgeni wake. Shida yako inabaki sebuleni. Ukimuuliza kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu, swali linaandikwa kwenye muhtasari. Kilichoandikwa kinadaiwa jibu."

"Lakini tukisimama hivyo, si watasema tunapinga chama chake cha siasa?"

"Hiki ni chama cha wafanyakazi, hicho ni chama cha siasa. Kadi mbili tofauti. Hata aliyempigia kura diwani ana haki ya kunawa mikono."

* * *

Wafagiaji waliiandikia ofisi ya chama kuomba uchaguzi mpya. Siku tisa baadaye, afisa kutoka ofisi hiyo alikuja sokoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Kikao kilifanyika saa nane na nusu, baada ya kazi, karibu na mizani ya viazi. Wafagiaji wote saba walikuwepo. Bwana Funguo naye alikuja bila kualikwa. Walisikia funguo zake kwanza.

"Tunachagua mwakilishi wa tawi," alisema afisa. "Nani apendekezwe?"

Watu wakatazama miguu yao. Shangazi hakupenda kimya. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Napendekeza Bwana Funguo."

"Shangazi!" Mama Pacha aliruka. "Jamani Shangazi, tulikubaliana nini jana?"

"Nimezoea tu! Mtu mwenyewe amesimama hapo!"

Mzee wa toroli alijipiga paji la uso. Mama Pacha alitamani kukaa chini alie. Siku tisa za kuandika barua, kupanga, kubembelezana, halafu hivi?

Ni Bwana Funguo mwenyewe aliyewaokoa. Alikohoa, akasonga mbele.

"Kwanza," alisema, "kikao hiki hakina ruhusa yangu."

Shangazi aligeuka taratibu. "Unasema?"

"Nasema mlipaswa kuniomba ruhusa. Mimi ndiye msimamizi."

"Ruhusa yako wewe? Tukitaka kukusema, tukuombe ruhusa?" Sauti ya Shangazi ilipanda mpaka wauza viazi wakageuka. "Miezi minne nakwenda kuomba choo kwenye duka la chai kama mwombaji! Mimi mtu mzima! Wananiuliza, 'Leo utanunua chai, au ni choo tu?' Afisa, nafuta jina lake! Futa! Futa kabisa!"

"Basi tumweke nani?" aliuliza afisa. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Shangazi," alisema mzee wa toroli. "Sauti tumeisikia."

Mikono saba ilinyooka. Hata Shangazi alinyoosha wake, kwa kuchanganyikiwa. Mama Pacha alichaguliwa kuwa katibu. Alijaribu kukataa.

"Mimi nina watoto pacha, jamani."

"Ndiyo maana," alisema Shangazi. "Wewe hutasahau kwa nini tunataka maji."

Waliandika barua siku hiyo hiyo kwa meneja wa soko. Afisa aliwaelekeza. Waeleze tatizo, waseme lilianza lini, waseme wanataka nini. Wote saba waweke sahihi, ili asionekane mmoja kuwa mkorofi. Watengeneze nakala mbili. Moja wampe meneja. Nyingine wapigiwe mhuri wa kupokelewa, wabaki nayo.

"Ukirudi bila mhuri," alisema afisa, "ni kama hukwenda."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Meneja aliandika kwamba chumba ni cha wafagiaji na kitafunguliwa. Lakini viti ni vya ofisi ya diwani, kwa hiyo wasubiri viondolewe. Hakusema vitaondolewa lini.

"Tusubiri!" Shangazi alifoka. "Tusubiri mpaka viti viote miguu vitembee vyenyewe?"

Mama Pacha alisoma barua mara ya pili. "Shangazi, tulia. Ameandika kwamba chumba ni chetu. Jana hatukuwa na karatasi hii. Leo tunayo. Na Jumamosi kuna mkutano wa mtaa."

* * *

Jumamosi asubuhi Bwana Funguo alifungua kufuli. Mkutano ulihitaji viti. Vijana wa ofisi walivibeba kimoja kimoja mpaka uwanjani, vyote mia moja na ishirini. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, chumba kilikuwa wazi. Bomba lilionekana, limefunikwa na utando wa buibui.

Watu walijaa. Diwani alizungumza juu ya taa za barabarani. Alizungumza juu ya mitaro. Alizungumza sana. Mwishowe katibu wa mtaa aliuliza kama kuna maswali.

Mama Pacha alisimama. Bibi alikuwa nyuma na fundi viatu, kila mmoja na pacha wake.

"Mheshimiwa, nina swali moja. Viti hivi tulivyokalia vimetoka kwenye chumba cha kunawia cha wafagiaji wa soko. Meneja ameandika kwamba chumba ni chetu, barua hii hapa ina mhuri. Mkutano ukiisha, viti vitarudi wapi?"

Watu walianza kutazama viti vyao.

Diwani alitabasamu. "Mama yangu, suala lako nalifahamu. Njoo nyumbani tuzungumze vizuri."

"Nimeshakuja, mheshimiwa. Sote tumeshakuja."

Shangazi alisimama. Alikwenda mbele na mkoba wake, akapanga miche saba ya sabuni juu ya meza ya diwani. Mmoja, miwili, mitatu. Ulipofika wa saba, mtu mmoja alicheka, kisha uwanja mzima.

"Tunashukuru kwa sabuni," alisema Shangazi. "Tumekosa pa kuitumia."

Mwanamke anayeuza samaki akapaza sauti. "Kumbe hawa wanaofagia karibu na meza yangu hawana pa kunawa? Na mimi nauzia watu chakula!"

"Namwomba katibu aandike swali langu kwenye muhtasari," alisema Mama Pacha. "Na aandike jibu. Na tarehe."

Katibu wa mtaa alimtazama diwani. Kalamu ilisubiri hewani. Diwani alitazama sabuni zake, akatazama watu, akajifuta jasho.

"Andika," alisema. "Viti vitakaa kwenye ukumbi wa ofisi yangu. Kuanzia leo."

Mkutano ulipoisha, Shangazi alikusanya miche yote saba, akairudisha mkobani. Bwana Funguo alimfuata Mama Pacha. Alifungua pete ya funguo, akatoa mmoja. Ulikuwa wa chumba.

"Niliogopa kumwambia diwani hapana," alisema kwa sauti ya chini. "Nina watoto na mimi."

"Najua," alisema Mama Pacha. "Ndiyo maana uwakilishi ulikuwa mzigo usio wako."

Ufunguo ulitundikwa kwenye msumari ndani ya stoo ya fagio, mahali ambapo kila mfagiaji angeufikia.

* * *

Wiki iliyofuata bomba lilianza kuvuja. Shangazi aliona maji yanadondoka, akatupa fagio.

"Nakwenda kwa diwani sasa hivi!"

"Shangazi..."

Shangazi alisimama. Akaguna. Akarudi. "Haya, katibu. Lete daftari tuandike barua."

Saa nane ilipofika, Mama Pacha alinawa. Alisugua vidole, kucha, viganja, mpaka kwenye viwiko. Alibadilisha gauni. Alitembea nyumbani haraka. Watoto walisikia hatua zake, wakaanza kulia.

"Usiwaguse!" Bibi alipiga kelele kutoka ndani, kwa mazoea.

Lakini Mama Pacha alikuwa ameshaingia. Mkono huu pacha mkubwa, mkono huu pacha mdogo, aliyeanza tena kuwa na mashavu. Bibi alimfuata, akashika mkono wake, akaunusa mbele na nyuma.

"Sabuni gani hii?"

"Ya diwani, mama."

"Mh," alisema Bibi, akakaa. "Kumbe inanukia vizuri ikipata maji."